Hina ya Kucha

Tulishona shuka mbili pamoja, tukazitundika Mkomani,
mshono ukapita usoni kwa Somoe filamu nzima.
Hilo ndilo la kwanza walilolisema.

Mwalimu Kazungu alishanipa sharti:
"Wakisema, wewe funga mdomo, andika.
Anayejitetea hasikii."
Nikaketi nyuma, kando ya projekta ya kuazima,
daftari magotini.

Dakika kumi na moja. Mjane ndani ya eda.
Nilihariri usiku sita
kwenye kompyuta ya chuo inayozimika ikipata joto,
na nilikuwa nimewapangia hata mahali pa kulia:
dakika ya saba, mkono wa mjane
unapofunga sanduku la kanzu za marehemu,
polepole,
sekunde arubaini.

Dakika ya saba wakacheka.

Si wote. Safu ya kina mama, kushoto,
kicheko cha kuzibwa kwa ncha ya buibui,
kikatokea puani, kikaambukiza watoto
wasiojua wanachekea nini.

Taa zilipowashwa, fundi saa akasema
sekunde zangu ni ndefu kuliko zake.
Mtoto akauliza mbona paka katoka mara mbili
na hakurudi ndani hata mara moja.
Shebwana wa kahawa akakuna kidevu:
"Yule mama kapika chai, hakuinywa.
Mengine sikuyaona, nilikuwa naifikiria ile chai."
Kisha Bi Mwanatumu, bila kuinuka:
"Mjane gani huyu, hina mbichi kuchani?
Amefiwa, au aolewa?"

Somoe alitoka arusini Ijumaa, tukapiga picha Jumamosi.
Siku nzima nilihangaika na mwanga juu ya ule mkono.
Mkono wenyewe sikuutazama.

Niliandika "hina", kalamu ikatoboa karatasi.
Usiku nikaandika chini yake: hawajui sinema.
Asubuhi nikalikata hilo, kwa mstari mmoja tu,
ili niendelee kulisoma.

Siku ya nne nikaenda kwake.
Sikwenda kujifunza, niseme kweli;
nilikwenda kumweleza kwamba ni kosa dogo.
"Ndoo, keti," akanisogezea mkeka,
akaendelea kuchambua mchele.
Nikaeleza. Akachambua.
Nilipokwisha maneno akaninyooshea vidole vyake.

"Ya kiganjani hutoka kwa wiki mbili.
Ya kucha haitoki, mwanangu, husukumwa.
Baba Shali alikufa siku ya tano
tangu arusi ya mdogo wangu.
Nilikaa eda na hina yangu, ningeikwangua na nini?
Kila Ijumaa nikikata kucha, natazama imebaki wapi.
Siku ninatoka ulibaki uzi mwekundu, hapa, nchani.
Huo sikuukata. Niliuacha ukatike wenyewe."

Akapuliza makapi.
"Sisi hatukukucheka wewe. Tulicheka kwa kuwa tunajua,
na filamu yako haikujua kwamba inajua."

Nilirudi na kamera hadi kwa Somoe.
Alikuwa akifua; nikamshika mkono wenye povu,
nikauleta dirishani:
mwezi mweupe umeanza kuchomoza
chini ya kila ukucha.

Tangu hapo, kila Ijumaa, kucha moja, mkasi mmoja.
Sanduku nimelipunguza hadi sekunde tisa.
Paka nimemwacha, anatoka mara moja.
Miezi imekwenda kwa mwendo wa kucha, sina la kuiharakisha.

Tulipoitundika tena, shuka ilikuwa moja, pana,
ya kitanda cha mamangu.
Dakika ya saba sikutazama filamu,
nilitazama safu ya kushoto.
Hakuna aliyelia.
Bi Mwanatumu alikuwa amekunja ngumi,
kidole gumba kimefichwa ndani.

Taa zikawaka. Kimya.
Nami nikaanza kujivimbisha kidogo, moyoni,
kama andazi.

"Na ile chai je?" akasema Shebwana.
"Mpaka leo hajainywa?"

Nikainama.
Nikaandika.